Mababu Hawatoshi Kila Mtu Kuwa na Wake

Mheshimiwa mwenyekiti, wazee wetu, wazazi, walimu wenzangu, na ninyi vijana mliojaa safu za nyuma: asalaam aleikum, na Bwana Yesu asifiwe kwa wale wanaoitikia hivyo. Nashukuru sana kwa kualikwa.

Nimeombwa nizungumzie asili moja ya wanadamu. Nadhani wengi mnatarajia nianze na mifupa iliyochimbuliwa ardhini. Mifupa tutaifikia. Ila naomba tuanze na hesabu, kwa sababu hesabu hii kila mmoja anaweza kuifanya mwenyewe hapo alipokaa, wala hahitaji kumwamini profesa yeyote.

Kila mtu ana wazazi wawili. Ana babu na bibi wanne. Panda kizazi kingine, wako wanane. Panda tena, wako 16, kisha 32, kisha 64. Kila kizazi idadi inaongezeka maradufu. Ukifika vizazi 10 nyuma unakuta nafasi 1,024. Vizazi 20 nyuma ni 1,048,576. Vizazi 30 nyuma, yaani kama miaka mia nane hivi iliyopita, ni 1,073,741,824. Zaidi ya bilioni moja, na hizo ni nafasi za wazee wa mtu mmoja tu.

Sasa angalieni. Miaka 800 iliyopita dunia nzima, mabara yote na visiwa vyote, haikuwa na watu wanaofika nusu bilioni. Mimi peke yangu nadai bilioni moja. Wewe uliyekaa mbele hapo unadai bilioni yako. Mtu wa bara jingine, ambaye hatutaonana naye maishani, naye anadai bilioni yake. Watu wa kujaza nafasi hizo hawakuwepo. Mababu hawatoshi kila mtu kuwa na wake.

Hesabu hiyo inakubali kwa namna moja tu: watu ni walewale, wanajirudia. Mwanamke mmoja aliyeishi zama hizo anakaa katika nafasi nyingi za ukoo wangu kwa wakati mmoja, kwa sababu wajukuu wa wajukuu zake walioana bila kujua kwamba ni jamaa. Na mwanamke huyohuyo yumo katika ukoo wako. Tumezoea kuchora mti wa ukoo ukitanuka kadiri tunavyorudi nyuma, kana kwamba utatanuka milele. Hauwezi. Baada ya vizazi kadhaa matawi yake yanaanza kukutana yenyewe kwa yenyewe, halafu yanaingia kwenye mti wa jirani, halafu wa jirani yake jirani, hadi huwezi tena kusema mti huu ni wa nani.

Mwaka 1999 mtaalamu wa takwimu wa Chuo Kikuu cha Yale, Joseph Chang, aliiandika hoja hii kihesabu. Alichukua jamii ya kubuni ambamo mtu yeyote anaweza kuzaa na mtu yeyote, kisha akauliza: turudi nyuma vizazi vingapi ndipo tumpate mtu mmoja ambaye ni mzee wa wote walio hai? Kwa jamii ya watu milioni moja, jibu ni vizazi kama 20 tu. Lakini jibu lake la pili ndilo lililonishika mimi. Ukiendelea kurudi nyuma, hadi kama vizazi 35 katika jamii hiyo ya watu milioni moja, unafika wakati ambapo watu wote wa zama zile wamegawanyika makundi mawili. Kuna ambao uzao wao ulikatika kabisa, na kuna ambao ni wazee wa kila mtu aliye hai. Katikati hapana mtu. Hakuna mzee wa zama hizo aliye wa ukoo huu na asiwe wa ukoo ule.

Mtasema, na mna haki ya kusema, kwamba watu halisi hawaoani hivyo. Kuna bahari, milima, jangwa. Kuna dini na lugha. Kuna baba asiyetaka binti yake aolewe na mtu wa kabila fulani. Kweli kabisa. Ndiyo maana mwaka 2004 Chang, pamoja na Douglas Rohde na Steve Olson, walirudia kazi hiyo kwa kompyuta wakaweka humo mabara, njia za bahari na uhamiaji mdogo mno kati ya sehemu moja na nyingine. Walichapisha matokeo katika jarida la Nature. Hata kwa vizuizi vyote hivyo, mzee wa karibu zaidi wa wanadamu wote ilionekana aliishi miaka elfu chache tu iliyopita. Tunazungumzia zama ambazo watu walikwishajua kulima, kufuga na, katika baadhi ya nchi, kuandika.

Inakuwaje? Ni kwa sababu mtu mmoja anatosha. Baharia mmoja aliyekwama pwani ya kigeni akaoa. Mateka mmoja wa vita. Mfanyabiashara aliyekuwa na mke wa pili mwisho wa msafara. Msichana mmoja aliyeolewa ng'ambo ya mto. Mtoto mmoja akibaki na akapata watoto wake, baada ya vizazi 15 au 20 karibu kijiji chote kile kina damu ya mgeni yule, na jina lake hakuna anayelikumbuka. Wazee wetu wanaosimulia nasaba wanajitahidi sana, wapo wanaoweza kutaja majina ya vizazi kumi bila kusita. Nawaheshimu. Lakini hata yule anayetaja kumi ametaja mstari mmoja tu, aghalabu wa akina baba. Katika kizazi hicho cha kumi kuna nafasi 1,024, naye ametaja mtu mmoja. Wale 1,023 waliobaki ndio walioleta watu wa mbali ndani ya nyumba, na wengi wao ni akina mama ambao hakuna aliyeona haja ya kuwataja.

Kuna swali huwa linaulizwa juu ya visiwa. Watu wa Tasmania, kusini mwa Australia, walitengwa na bahari kwa maelfu ya miaka. Je, nao wamo? Wazawa wao walio hai leo wamo, kwa kuwa baada ya meli za Ulaya kufika wana wazee wa pande zote mbili. Sitaki kulipitia hilo kwa maneno matamu. Damu hizo zilichanganyika katikati ya mauaji, utekaji na maradhi. Undugu huu ninaouzungumzia umejengwa na harusi, ndiyo, lakini sehemu kubwa umejengwa na utumwa, vita na wanawake waliochukuliwa kwa nguvu. Waliofanyiwa hayo ni mababu zetu, na waliofanya nao ni mababu zetu.

Hadi hapa nimezungumzia ukoo, sijagusa vinasaba. Ni mambo mawili tofauti na watu huyachanganya. Unapokea nusu ya vinasaba vya mama na nusu ya vya baba, na kila kizazi vipande vinakatwa na kupangwa upya. Ukirudi vizazi vingi, wapo mababu wa kweli kabisa ambao hawakukuachia hata kipande kimoja. Ni wazee wako, bila wao usingezaliwa, ila ndani ya seli zako hawaonekani. Kwa hiyo anayetuma mate maabara na kurudishiwa karatasi ya asilimia asidhani amepata orodha ya wazee wake. Amepata alama za wachache kati yao.

Hata hivyo kuna sehemu mbili za vinasaba ambazo hazichanganywi, na zinaturudisha nyuma kwa mstari mnyoofu. Moja ni DNA ya mitokondria, vile viungo vidogo vya seli vinavyoupa mwili nguvu, ambayo mtoto huipokea kwa mama peke yake. Nyingine ni kromosomu Y, itokayo kwa baba kwenda kwa mtoto wa kiume. Januari 1987, Rebecca Cann, Mark Stoneking na Allan Wilson wa chuo kikuu cha Berkeley huko California walitangaza kazi waliyofanya kwa watu 147 wenye asili za pande mbalimbali za dunia. Sehemu kubwa ya sampuli zao zilikuwa kondo za nyuma, zile zinazotoka baada ya mtoto kuzaliwa, ambazo hospitali hutupa. Walilinganisha DNA ya mitokondria, wakapanga nani yuko karibu na nani, na mistari yote 147 ikaishia kwa mwanamke mmoja aliyeishi Afrika kiasi cha miaka 200,000 iliyopita. Makadirio yamerekebishwa tangu hapo, lakini bara halijabadilika na mpangilio wa zama haujahama mbali.

Waandishi wa habari wakampa jina la Hawa, na jina hilo limeleta mkanganyiko mkubwa. Mwanamke huyo hakuwa peke yake duniani. Aliishi na maelfu ya wengine. Wengi wa wenzake ni bibi zetu vilevile, ila kwa njia inayopita mahali fulani kwa mtoto wa kiume, na mwanamume hapokezi mitokondria. Ni kama vizazi vinavyopita bila binti: uzao unaendelea, mstari wa mama kwa binti unakatika. Upande wa akina baba nako mwaka 2013 ilitangazwa nasaba ya kromosomu Y ambayo haikuwa imejulikana. Ilipatikana kwanza katika sampuli ya Mmarekani mweusi, kisha ikaonekana kwa watu wa kabila la Mbo magharibi mwa Kameruni, na ikausogeza mzizi wa mstari huo hadi zaidi ya miaka 200,000 nyuma. Huyo baba na yule mama hawakuwa mume na mke, wala hakuna sababu ya kudhani waliishi zama moja.

Najua humu ndani wamo waumini wengi, nami ni mmoja wao. Waislamu, Wakristo na Wayahudi tumelelewa tukifundishwa kwamba watu wote ni uzao wa baba mmoja na mama mmoja. Sitawaambia kwamba maabara imethibitisha mafundisho hayo, maana maabara ilichunguza jambo jingine, na si uaminifu kukopa hoja pale inapokufaa tu. Ninachosema ni kwamba anayeamini undugu wa watu wote hana sababu ya kuogopa alichokikuta Wilson na wenzake.

Mifupa sasa. Kule Jebel Irhoud, Moroko, mabaki ya watu wa jinsi yetu yana kiasi cha miaka 300,000. Tarehe hiyo ilitangazwa mwaka 2017. Omo Kibish, kusini mwa Ethiopia, mafuvu yaliyopatikana mwaka 1967 na timu ya Richard Leakey yalidhaniwa kuwa na miaka 195,000, na mwaka 2022 majivu ya volkano yaliyo juu yake yakaonyesha hayapungui miaka 230,000. Herto, Ethiopia hiyohiyo, kuna ya miaka 160,000. Mtaona ni kaskazini na mashariki ya bara, na kati ya Moroko na Ethiopia ni maelfu ya kilomita. Zamani tulifundisha darasani kana kwamba kulikuwa na kijiji kimoja ambacho wote wametoka. Siku hizi wataalamu wengi wanaona palikuwa na makundi mengi ndani ya Afrika, yanatengana kwa muda mrefu hali ya hewa inapobadilika, kisha yanakutana na kuzaliana tena. Asili ni moja kwa sababu hawakuacha kuoana.

Kutoka hapo, kiasi cha miaka 50,000 hadi 70,000 iliyopita, sehemu ndogo ya watu hao ilitoka nje ya bara, na karibu wote wanaoishi nje ya Afrika leo ni uzao wa safari hiyo. Wapo waliotangulia kutoka. Misliya, Israeli, kuna taya la miaka kama 180,000. Hao hawakuacha alama kubwa.

Chukua gunia la shanga za rangi nyingi, uchote konzi moja. Konzi hiyo haitakuwa na rangi zote za gunia. Kutoka katika konzi chota kidogo, upeleke mbele zaidi. Rangi zinapungua tena. Ndivyo ilivyotokea kwa vinasaba vya wanadamu. Kadiri unavyokwenda mbali na Afrika kwa njia za nchi kavu, tofauti za kijeni ndani ya jamii moja zinapungua hatua kwa hatua, hadi Amerika ya Kusini ambako ni chache zaidi. Waafrika wawili wa jamii mbili za jirani wanaweza kutofautiana zaidi kuliko Mzungu na Mchina. Anayewaweka Waafrika wote katika fungu moja na wengine wote katika mafungu yao, amepanga watu kwa macho.

Na tofauti zenyewe ni ndogo. Vinasaba vyetu vina herufi kama bilioni tatu, na watu wawili wowote wanatofautiana kwa herufi moja hivi katika kila elfu. Mwaka 1972 Richard Lewontin alipima tofauti hizo kwa kutumia protini za damu akaona kwamba asilimia 85 hivi zimo ndani ya jamii moja, kati ya mtu na jirani yake. Zile zinazotenganisha yale yaliyoitwa mataifa ya rangi zilikuwa kama asilimia 6. Kazi nyingi za DNA zilizofuata zimekaa karibu na hapo. Linganisheni na sokwe. Utafiti wa mwaka 2012 ulionyesha kwamba makundi ya sokwe yanayoishi karibu karibu Afrika ya kati, mengine yakitenganishwa na mto tu, yanatofautiana kijeni zaidi kuliko watu wanaoishi mabara tofauti. Sisi ni wachanga mno na tumesambaa haraka mno kuweza kuwa aina mbalimbali.

Kijana mmoja huko nyuma ananitazama kama anayetaka kuuliza: mbona basi rangi? Rangi ya ngozi ni jambo la jua. Melanini, ile inayoipa ngozi weusi, huikinga ngozi na mionzi mikali, na inaaminika hulinda pia asidi ya foliki mwilini, ambayo mama mjamzito anaihitaji. Watu walipohamia kwenye jua dogo, ngozi iliyokoza ikawa inazuia mwili kutengeneza vitamini D ya kutosha, na waliokuwa na ngozi nyepesi wakapona na kuzaa zaidi. Mwaka 2017 timu ya Sarah Tishkoff ilipima ngozi na vinasaba vya watu wa Ethiopia, Tanzania na Botswana. Waliona kwamba jeni za ngozi nyepesi na jeni za ngozi nyeusi zote zimo Afrika, na nyingine zina umri mkubwa kuliko jinsi yetu ya binadamu. Baadhi ya zile za weusi wa Kiafrika wanazo pia watu wa Melanesia na kusini mwa India. Rangi, jambo tulilolifanya mpaka mkubwa kuliko yote, inaamuliwa na sehemu chache sana za zile herufi bilioni tatu.

Selimundu nayo. Kwa muda mrefu iliitwa ugonjwa wa watu weusi. Mwaka 1954 Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alionyesha kwamba mwenye nakala moja ya jeni hiyo ana kinga dhidi ya malaria kali. Inafuata malaria. Ipo Ugiriki, ipo Uarabuni, ipo India, na yako maeneo ya kusini mwa Afrika ambako ni adimu.

Kuna jambo naomba nisilifiche, maana wengine wataliona mtandaoni na kudhani linabomoa yote niliyosema. Svante Pääbo, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 2022, alisoma vinasaba vya Neandertali, watu wa kale wa Ulaya na Asia ya magharibi, na mwaka 2010 akaonyesha kwamba walizaliana na wazee wetu. Kwa wasio Waafrika, kiasi cha asilimia 1 hadi 2 ya vinasaba vimetoka kwa Neandertali, na baadaye ikaonekana Waafrika nao wana kidogo, kwa sababu wapo waliorudi Afrika na kuoa. Watu wa Papua wana sehemu nyingine kutoka kwa Wadenisova, kundi jingine la watu wa kale, waliojulikana kwa kijipande cha mfupa wa kidole katika pango la Siberia. Kuna wanaolitumia hilo kudai kwamba sisi ni jinsi mbalimbali. Asilimia 2 haifuti 98. Na ukitazama vizuri, hata hao waliotengana nasi kwa miaka laki kadhaa, tulipokutana nao tulizaa nao.

Kukana asili hii kumewahi kuwa taaluma. Katika karne ya 19 daktari mmoja wa Philadelphia, Samuel Morton, alikusanya mafuvu kwa mamia, akawa anayajaza mbegu na baadaye gololi ndogo za madini ya risasi ili kupima ukubwa wa ubongo na kupanga watu kwa madaraja. Wafuasi wake, Josiah Nott na George Gliddon, mwaka 1854 walichapisha kitabu kinene kudai kwamba weusi na weupe wana asili mbili tofauti. Nott alikuwa daktari wa Alabama na mmiliki wa watumwa. Haihitaji ramli kujua kitabu kile kilimfaa nani.

Mwaka uleule, tarehe 12 Julai, katika chuo cha Western Reserve huko Ohio, alisimama kuhutubia mtu aliyezaliwa mtumwa, Frederick Douglass. Mada yake ilikuwa hii hii yangu ya leo. Aliwajibu wataalamu hao kwa hoja zao. Aliwaonyesha jinsi wachoraji wao wanavyochukua uso mzuri kuliko yote wa Mzungu na kuuweka ubavuni mwa uso wa Mwafrika ulioharibiwa makusudi. Alitetea umoja wa asili ya watu. Kisha akafanya jambo ambalo kila ninapolifikiria naona ukubwa wake: akauliza, na kama wangeweza kuthibitisha kwamba asili zetu ni mbili, ingekuwaje? Akajibu kwamba haki za binadamu zinasimama juu ya hali yetu ya pamoja, juu ya mahitaji yaleyale tuliyo nayo, na asili tofauti isingeziondoa. Hakukubali uhuru wake usubiri matokeo ya mafuvu.

Nasisitiza hilo kwa sababu elimu ya undugu peke yake haijawahi kuzuia panga. Waliosafirisha watumwa wengi wao waliamini katika Adamu mmoja. Rwanda, watu wanaosema lugha moja na kuoana kwa karne nyingi waliandikiwa asili tofauti na wakoloni, waliodai kwamba kundi moja ni wageni kutoka kaskazini. Katika miaka ya 1930 Wabelgiji wakaweka kabila kwenye vitambulisho. Mwaka 1994, kwenye vizuizi vya barabarani, vitambulisho hivyo ndivyo vilivyotumika kuamua nani afe.

Wapo wanaoniambia kwamba hotuba kama hii inawafanya vijana wadharau makabila yao. Wahenga walisema mwacha asili ni mtumwa, nami sijaja kumwachisha mtu asili yake. Lugha ya mama yako, majina ya ukoo, kaburi la babu, hivyo ni vyako, vitunze. Ninachokataa ni kule kusema kwamba vitu hivyo vimeandikwa kwenye damu na kwamba mwenzako hana haki ya kuvigusa. Kabila lako liliundwa na watu waliotoka makabila mengine, ambayo baadhi yao hayapo tena.

Nimalizie na jambo la hospitali, kwa sababu asili moja ina faida inayoshikika. Mwaka 2003 watafiti waliona kwamba jeni iitwayo PCSK9, ikibadilika kwa namna fulani, huipa familia lehemu, yaani kolesteroli, nyingi mno kwenye damu. Familia hizo zilikuwa za Kifaransa. Helen Hobbs na Jonathan Cohen wa Dallas wakajiuliza: je, wapo watu ambao kwao jeni hiyo imezimika? Waliwapata hasa miongoni mwa Wamarekani weusi, kama watu wawili au watatu katika kila mia. Watu hao walikuwa na lehemu kidogo na moyo wao haukuugua mara kwa mara kama wa wenzao. Kutokana na hilo zikatengenezwa dawa zinazoizuia PCSK9, na mwaka 2015 zikaidhinishwa. Leo Mfaransa, Mjapani na Mhindi mwenye maradhi ya moyo anadungwa dawa ambayo ufunguo wake ulitoka kwa uzao wa Waafrika waliopelekwa Amerika kwa minyororo. Inafanya kazi mwilini mwake kwa sababu jeni ni ileile, tumeirithi mahali pamoja.

Na bado hadi mwaka 2018, katika tafiti kubwa zinazotafuta uhusiano wa jeni na maradhi, karibu asilimia 78 ya washiriki walikuwa wenye asili ya Ulaya, na wenye asili ya Afrika hawakuzidi asilimia 2. Yaani tunatafuta dawa ndani ya konzi na gunia lenyewe hatujalifungua. Mradi wa H3Africa, wa kuchunguza vinasaba na afya ya Waafrika, ulianzishwa kulisahihisha hilo. Mwaka 2020 wanasayansi wake walichapisha kazi waliyofanya kwa watu 426 tu, kutoka jamii 50 za Afrika. Ndani ya watu hao 426 walikuta tofauti za vinasaba zaidi ya milioni tatu ambazo hazikuwa zimeandikwa popote. Kila moja ya hizo inasubiri mtu wa kuichunguza, na vijana mlio huku nyuma ndio umri wa kuanza.

Mwenyekiti, nimemaliza. Nipo tayari kwa maswali.